Jicho ama Duara

Jumanne, 1 Julai 2025

Presha: 148 juu, 92 chini. Sista wa kliniki alisema niandike kila siku, basi naandika. Hakusema nisiandike na mengine.

Leo TV imefika! Inchi hamsini na tano. Dada yangu Wakesho amestaafu ualimu na amejinunulia mwenyewe, kama zawadi. Imemeza ukuta mzima wa sebule, mpaka picha ya Yesu imehamia juu ya friji. Fawaz, mwenye duka la simu na wifi kule Voi mjini, amekuja mwenyewe hapa mtaani kwetu Sofia kufunga waya.

Sasa kuna jambo moja. Kuna pakeji mbili za sinema, moja inaitwa Jicho, nyingine Duara. Unalipa kwa mwezi, unatazama mpaka macho yachoke. Zote za bei ya kati, zimekaribiana kama mapacha. Wakesho amesema ni moja tu, pensheni si bomba la kanjo, la maji ya bure. Familia itachagua Jumapili baada ya kanisa.

Mimi nikasimama katikati ya sebule. Nikasema niachieni mimi, humu ndani ni mimi peke yangu ninayeijua sinema kutoka ndani. Fawaz akauliza, ndani vipi, mjomba? Shanice, binti ya Wakesho, akacheka. "Kwani hujui? Anko aliigiza!"

Basi nikamhadithia. Mwaka wa tisini na tisa, Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Wazungu wa sinema wamekuja na malori kumi na nne. Sinema ya vita vya zamani, ya wapagazi waliokufa kiu. Jina lake la Kizungu lina herufi nyingi, sisi tuliiita Sinema ya Kiu. Mimi ndiye Sajini. Farasi nampanda bila tandiko. Na yule faru aliyetoka vichakani — nikamkaripia kwa Kidawida, lugha ya kwetu, akageuka akaenda zake! Leo nimeongeza kwamba alipofika mbali aliangalia nyuma mara moja. Imenijia tu.

Fawaz akasema mashallah.

Nimewaambia Duara ndiyo nzuri, ina sinema nyingi za Afrika. Sikuwa najua. Nilitaka kuonekana najua.


Alhamisi, 3 Julai

Presha sijapima. Naogopa.

Shanice ameweka Duara ya kujaribu. Siku kumi bure, inakatika Jumamosi ya wiki ijayo. Yeye kwa kochi na rimoti, mimi jikoni namimina chai. Nasikia: "Anko! Anko! Iko!"

Ameandika neno Kasigau tu. Neno moja. Ikaja picha — mlima wenyewe, vumbi, na watu wamepanga mstari, mizigo kichwani. Saa moja na dakika hamsini.

Chai imemwagika kwa mguu. Sikusikia moto.

Alitaka kubonyeza hapo hapo. Nikamwambia ngoja! Kitu kama hiki kinatazamwa na familia nzima, si mtu mmoja na chai. Akasema kweli, akaandika kwa grupu ya familia: SINEMA YA ANKO IMEPATIKANA. Mpaka jioni grupu imejaa vidole gumba. Shangazi yetu Teresia wa Bura ametuma sauti anapiga kigelegele. Kigelegele! Mama mzima, peke yake, katikati ya shamba lake la kabichi.

Kitabu hiki hakisomwi na mtu. Acha niandike.

Sikuwa Sajini. Farasi nilimwona kwa mbali. Faru hakukuwa na faru. Tulichukuliwa wawili kutoka shamba la katani, mimi na rafiki yangu Makau. Siku ya kwanza nilipewa kazi ya kufa. Kuanguka na kulala, basi. Nikaanguka vizuri sana, halafu nzi akaniingia puani, nikapiga chafya. Wakarudia. Chafya. Wakarudia. Chafya! Wakanitoa. Wakanipa mwamvuli, mkubwa, mweusi, wa kukinga kamera isichomwe na jua. Siku kumi na moja nimeshika mwamvuli.

Aliyeigiza ni Makau.


Ijumaa, 4 Julai

Nimeanza kampeni ya Jicho. Nimesema Duara inakwama kwama. Duara inakula bando kama mchwa. Nimesikia pia inachoma TV kwa ndani polepole.

Wakesho: "Donald, juzi si ulisema ndiyo nzuri?"

Nimemwambia nimefanya utafiti.


Jumamosi, 5 Julai

Nimeenda kwa Fawaz. Nimemvuta kando, nikamwomba kitu kidogo tu. Amwambie Wakesho kwamba Duara haishiki vizuri huku Voi. Mtu wa mitambo akisema, nani atabisha?

Akafuta mikono. Akaniangalia kwa adabu — hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Mjomba Donald, neno langu ndilo duka langu. Nimwambie mwalimu haishiki, kesho aikute kwa jirani yake inashika vyema. Nitamtazama kwa uso gani? Samahani, mzee wangu. Hilo siliwezi."

Nikasema nilikuwa namjaribu tu. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kutoka nje, nani amekaa kwa cherehani pale kibarazani? Nzilani. Binti ya Makau. Anashona yunifomu za shule. Kila siku nikipita hapo napita upande wa pili wa barabara, leo nimesahau. Ana masikio ya babake, yale ya kutokeza kama mikono ya sufuria.

"Shikamoo, Anko Donald."

"Marahaba, mama."

"Shanice ameniambia. Ati sinema yenu imepatikana?"

Nikasema, sijui, watoto wanasema sana.

"Anko, si ulisema Baba alikuwa anawabebea maji huko?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa mtu wa kubeba maji si lazima apite pite? Labda kamera ilimkamata. Hata kama ni mgongo." Akasimamisha cherehani kwa mkono. "Mimi nitamjua hata kwa mgongo."

Alikuwa wa miaka miwili Makau alipokufa na malaria. Picha aliyonayo ni moja, kopi ya kitambulisho, ile ya kukodoa macho. Akaniambia, "Sijawahi kumwona akitembea, Anko. Sijui hata alikuwa na sauti gani."

Nikamwambia kamera haikuwa inaangalia upande wa maji.

Nimesema hivyo. Kwa mdomo huu.


Jumapili, 6 Julai

Tumepiga kura. Sebule imejaa, wengine kwa simu. Wakesho mwenyekiti, ameshika kalamu kama bado yuko darasani. Shanice akasimama kuitetea Duara, akaongea kwa mpangilio, huyo mtoto angekuwa wakili. Watu wengi wakaelekea kwake. Nikaona mambo yanaharibika.

Nikasimama. Nikasema sikutaka kusema, lakini Duara ina mambo ya uchi. Inajifungua yenyewe. Umekaa na wageni, una soda yako, mara — uchi!

Kutoka kwa simu, Shangazi Teresia: "Uchi? Kwa nyumba ya mwalimu? Weka Jicho! Weka Jicho sasa hivi, na hiyo nyingine isifunguliwe tena!"

Jicho watano. Duara wanne.

Shanice: "Lakini sinema ya Anko je? Hatutaiona?"

Nikasema mimi sitafuti sifa, tuangalie faida ya familia. Wakesho akavua miwani. "Donald. Wewe? Hutafuti sifa?" Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata mimi nikacheka, na jasho linanitiririka mgongoni.

Nzilani alikuwa mlangoni. Alileta rinda la Shanice, akasimama hapo akisubiri watu wamalize. Alisikia yote. Nikamfuata mpaka getini nikisema pole mama, kura ni kura. Akasema, "Haidhuru, Anko. Siku nikipata simu nzuri nitaitafuta mwenyewe." Ana kabambe, simu ile ndogo ya tochi.

Nimeshinda. Wali wa leo nimeuacha kwa sahani.


Jumanne, 8 Julai

Jicho imeingia. Kila mtu ana furaha. Kuna mashindano ya kupika keki, Wakesho anagombana na hakimu wa keki kama anamsikia. Wameniita nikae. Nimesema macho yananiuma.

Acha niandike ya mazishi. Nimezunguka kitabu hiki kama mbwa.

Sinema ilipoisha wazungu walienda na kila kitu chao, na hapa kwetu haikuonyeshwa hata siku moja. Mimi nikashuka Voi. Mtu akaniuliza ulikuwa wapi, nikasema nilikuwa kwa sinema. Ulikuwa nani? Neno likatoka: Sajini. Tamu! Halafu farasi. Halafu faru. Makau alibaki Makwasinyi na mahindi yake. Alisikia ninavyosema mjini. Siku moja alinikuta sokoni, watu wamenizunguka, hadithi imefika kwa farasi. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Akanipiga bega, akasema, "Huyo farasi anakua kila mwaka, Donald." Basi. Hakuniumbua. Angeweza.

Akafa mwaka wa elfu mbili na tatu. Kule kaburini, kabla ya udongo, rafiki wa marehemu hupewa maiki. Niliitwa. Njiani nilijipanga kabisa. Nilitaka kusema: watu wa Makwasinyi, huyu aliigiza, na wazungu walimpigia makofi. Naapa nilitaka. Lakini yule mshereheshaji akasema, sasa tumkaribishe mtu wetu wa sinema! Watu wakageuza vichwa. Na kulikuwa na msichana pale, niliyekuwa namtaka, amevaa kitambaa cha kijani. Nikashika maiki. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa roho safi. Nikasema nilipokuwa naigiza kwenye jua kali, ni yeye aliyetuletea maji.

Juu ya jeneza lake. Nimemfanya mbeba maji juu ya jeneza lake.

Wakati wa kunawa mikono mjane alinijia, amembeba huyo Nzilani mgongoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, ulivyosema sivyo alivyoniambia yeye." Nikamjibu, "Mama, wewe hukuwako."

Kweli hakuwako, alioana naye baadaye. Akaniangalia kidogo. Akaenda. Hakurudia tena maneno hayo, na mtoto akamlea hivyo, baba mbeba maji. Naye mama amekufa mwaka juzi. Sasa anayejua ni mimi peke yangu.

Msichana wa kitambaa cha kijani aliolewa na mtu wa kule Mata.


Alhamisi, 10 Julai

Nimeitazama.

Nimemwomba Shanice aniwekee ile Duara ya kujaribu kwa simu yangu, nikasema nataka kuhakikisha ule uchi. Nimeenda nyuma ya kanisa, saa tano asubuhi, hakuna mtu. Nimekaa kwa jiwe, nimekinga kioo cha simu kwa kofia.

Dakika ya arobaini na moja. Mstari wa wapagazi unakuja, vumbi tupu. Wa tatu ni Makau.

Nilisahau alivyokuwa mrefu! Mimi nina miaka arobaini na minane, tumbo hili, presha hii. Yeye ana ishirini na nne. Ametua mzigo. Mbele yake kuna mtu ameanguka — ile kazi yangu, wakampa mwingine, na huyo hakupiga chafya. Makau anapiga magoti, anamwinua kichwa, anamnywesha kwa kibuyu. Mtu anasema, na wewe je? Makau anatikisa kibuyu karibu na sikio lake. Kitupu. Anacheka. Kile kicheko hakuna aliyemfundisha, nakumbuka mzungu mkubwa aliinua mkono watu wasimsimamishe. Halafu anasema, "Kunywa tu, ndugu yangu. Mimi nilikunywa jana."

Anasimama. Anabeba mzigo. Anaondoka kuelekea mlimani, anatembea mguu mmoja ukitupa nje kidogo, kama alivyokuwa anatembea. Anatembea muda mrefu. Hawamkati.

Hapo chini kwa mchanga, upande wa kushoto, kuna kitu cheusi cha mviringo. Kinatingishika. Ni kivuli cha mwamvuli. Hiyo ndiyo sehemu yangu yote katika sinema.

Mwisho kuna majina. Lake lipo, herufi kubwa, MAKAU, na la baba yake. Langu halipo. Nimerudisha mara tatu, kana kwamba wangeniongeza.

Nimekaa kwa jiwe mpaka kengele ya shule ikalia. Mlinzi wa kanisa amekuja kuniuliza kama nimefiwa.


Ijumaa, 11 Julai

Nimeenda kwa Nzilani kumwambia. Nimevaa shati la kanisa. Nimefika kwa cherehani, akasema karibu Anko, nikafungua mdomo — nikamwambia suruali yangu ni ndefu.

Akanipima. Akaweka pini. Nikasimama hapo kibarazani kama mtoto, anakunja pindo miguuni pangu, naona masikio yale kutoka juu. Nilisema, Nzilani. Akasema, naam Anko. Nikasema, usifupishe sana.

Akashona, akakataa malipo. Ati rafiki ya Baba.

Nilipokuwa naondoka nikageuka nikasema haraka haraka, kabla mdomo haujafunga: kesho saa nane njoo kwa Wakesho, tutaitazama ile sinema, Duara inakatika kesho. Akaweka mkono kifuani. Akauliza, "Kumbe anaonekana?"

Nikasema, njoo tu.

Nimemwambia Shanice aitayarishe. Nilitaka tuwe watu watatu. Mimi, yeye, Nzilani. Niseme kwa watu wachache. Shanice amepiga kelele, amenikumbatia, na kabla sijafika chumbani tayari iko kwa grupu. Anko amekubali!


Jumamosi, 12 Julai

Saa nane na dakika hamsini. Niko chumba cha nyuma, nimekaa kwa ndoo. Nimewaambia nakuja kumeza dawa.

Wamekuja watu kumi na saba. Wakesho amepika mahamri. Shangazi Teresia ameshuka kutoka Bura na kabichi nne na kanga mpya, amewaambia watu ati uchi wakiuona watafumba macho, ni damu yake iko ndani. Salme, jirani, amekuja na mkeka wake, ameniamkia, "Hongera, Bwana Donald. Mungu amekujaalia kipaji, na leo twaja kukiona." Kuna mtu ameniita Sajini. Wameniwekea kiti cha mbele, kile cha mikono.

Nzilani amekaa chini, karibu kabisa na TV, amekunja miguu. Ile kopi ya kitambulisho ameishika. Ameniambia amekuja nayo asije akamchanganya na mtu mwingine.

Kabla ya kuanza Wakesho alisema, Donald, tuambie maneno mawili. Hapo ndipo. Kila kitu kilikuwa tayari. Hakuna maiki, hakuna jeneza, ni sebule ya dada yangu. Nikasimama. Nikatazama zile nyuso. Nikasema, "Mtaona wenyewe." Wakapiga makofi!

Nikakaa nusu saa. Kila askari akitokea, "Huyo ndiye Anko? Huyo?" Nasema bado. Farasi akapita na mzungu juu yake, Shangazi akasema, mbona yuko na tandiko? Nasema bado, bado. Dakika ya thelathini na tano nikasimama nikashika kifua.

Nasikia kila kitu, ukuta huu ni wa mbao. Watu wanatafuna. Upepo wa sinema unavuma. Sasa zile ngoma za mstari, wanakuja.

Shangazi Teresia: "Huyo ni nani? Mbona sura yake—"

"Kunywa tu, ndugu yangu. Mimi nilikunywa jana."

Nzilani amesema, "Simamisha." Hakupiga kelele. "Shanice, rudisha. Tafadhali rudisha."

Wanarudisha. Kicheko. Kunywa tu, ndugu yangu. Rudisha. Kunywa tu, ndugu yangu. Sijui mara ngapi. Hakuna anayetafuna. Mtu mmoja analia na si Nzilani, nadhani ni Wakesho. Nzilani anarudia maneno pamoja naye, polepole, kama mtu anayejifunza wimbo.

Salme anasema, "Basi huyu si mbeba maji, jamani. Huyu ndiye mwenyewe."

Wameacha iendelee. Anatembea sasa. Najua kwa sababu hakuna sauti isipokuwa miguu.

Viatu vinakuja kwa korido. Vya Wakesho, navijua. Amesimama nje ya mlango. Hajabisha. Nakiona kivuli chake chini ya mlango.

"Donald."

Nimesema nameza dawa.

"Donald, toka. Huyu mtoto ana swali moja tu. Anauliza kama ulijua."

Nimesema nakuja.

Amesema, "Nimesimama hapa." Na amesimama kweli. Naandika, yeye anasikia kalamu. Nimesema tena nakuja. Sijainuka.